Changarawe Haina Honi

Nyumbani, 3 Februari

Kaka Breki,

Shikamoo. Usikunje uso kwa hilo jina, si mimi niliyelitunga. Wanafunzi wako wa udereva ndio wanaosema kwamba ukikaa kiti cha pembeni mguu wako unakanyaga breki hata gari likiwa limeegeshwa. Mimi huku nina afya ya kunitosha, na ya kukugawia kidogo ipo. Paa la jikoni limeacha kuvuja. Jirani yangu muuza maziwa amejifungua mtoto wa kike, na mtoto ana sura ya baba yake, masikini, lakini labda atabadilika. Mwanao Nesi alikuja likizo, akalala mpaka saa tano kila siku, akala kila kilichopikwa, halafu akaniambia nimenenepa. Umemlea vizuri.

Nakaa namkumbuka wifi. Mwaka umepita na bado nikishona kitu kizuri namtafuta wa kumwonyesha. Unakula nini siku hizi? Usinijibu "nakula vizuri". Nitajie chakula.

Nesi ameniambia unalalamika kwamba sipokei simu. Ni kweli, sipokei. Kwenye simu mtu anasema "sawa" kabla hajajua amekubali nini. Niandikie barua. Una mwandiko mzuri, usiuache uoze.

Sasa la maana. Nimepata baiskeli. Fundi wa hapa karibu amechukua fremu ya baiskeli yangu ya zamani akaifunga matairi mapana yenye meno, na ameniambia nisiyajaze upepo mpaka yawe mawe, niyaache yawe na ulaini kidogo. Naendesha kando ya mfereji mkuu. Unakumbuka lile lori lililobomoa ukingo? Tangu siku ile Ofisi ya Maji iliweka malango ya chuma pande zote mbili, na hakuna chombo cha moto kinachopita tena. Ni changarawe tupu, kaka. Naingia umande haujakauka. Kushoto maji, kulia alizeti na mahindi, na mbele njia nyeupe imenyooka mpaka macho yanachoka. Korongo anasimama kwenye kina kifupi kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Changarawe inatetemesha usukani, mtetemo unapanda mpaka kwenye meno, nami najua kwa mikono tu kama nimeingia kwenye kokoto kubwa au kwenye mchanga unaoteleza.

Miaka yote ile ndani ya chumba cha kufuma, bila hata dirisha la maana, na kumbe hii ilikuwa hapa hapa nyuma ya kiwanda. Nina hasira nayo kidogo. Naifidia kila asubuhi.

Mdogo wako mwenye miguu mipya

*

Mjini, 20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeipata barua yako nikaisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha. Mimi ni mzima. Gari la mafunzo limebadilishwa klachi, na mwanafunzi mmoja ameing'oa tena. Nakula vizuri.

Niende moja kwa moja. Mwanamke wa umri wako, peke yake, juu ya magurudumu mawili, kwenye kokoto, pembeni ya maji yenye kina. Nimefundisha udereva tangu nikiwa na nywele. Najua kokoto zinafanya nini kwenye kona. Hata gari lenye matairi manne linayumba, sembuse hicho kidude.

Na kuna jingine. Nesi anasema ulimkaribisha vizuri sana, lakini kila alipokuita ukiwa umempa mgongo, hukuitika. Alidhani umemkasirikia. Siku ya tatu alidondosha sufuria nyuma yako na hukugeuka. Nakuuliza kama kaka, unijibu kama dada: una tatizo la masikio?

Chumba cha nyuma hapa kwangu kipo wazi. Nimekipiga rangi. Uza hiyo baiskeli, funga nyumba, uje ukae na watu. Mimi ndiye mkubwa na sitaki kuja kuitwa usiku kwamba umeopolewa mferejini.

Kaka yako

*

Nyumbani, 11 Machi

Kaka,

Shikamoo, na pole kwa klachi. Hapa wote wazima. Mtoto wa muuza maziwa ameanza kucheka, na sura inarekebika polepole, tuendelee kuomba. Mahindi yamefika kiunoni.

Naona chumba kimepakwa rangi kabla ya mimi kuulizwa. Asante. Sihami.

Unasema peke yangu. Nani kakwambia? Nikifika lango la juu, mlinzi wa lango ananifungulia kabla sijashuka. Ni mzee mwenye tumbo la heshima, na kila siku ananiuliza kwa mkono kama leo nakwenda mpaka kwenye malango ya maji au naishia darajani. Tunapungiana. Kuna wanawake wanaolima kando ya mfereji, wananipa nyanya. Mwalimu mmoja wa chekechea naye ameanza kunifuata Jumamosi na baiskeli ya mumewe, anaiendesha kama amebeba yai. Hao si watu? Au watu ni wale wa mjini tu, mnaopita mlangoni kwa jirani mwezi mzima bila kujua kama yupo?

Zamani nilikuwa naendesha kwenye lami. Nimeiacha kwa sababu zangu. Kule kila mtu yuko nyuma yako, anakuja, anataka nafasi. Kwenye mfereji hakuna anayekuja. Changarawe haina honi. Nikitoka pale nakuwa mtu mpya hata mgongo unanyooka, na nikikaa siku mbili bila kwenda, nawachukia wote, wewe ukiwa wa kwanza.

Ulitaka jibu la masikio. Masikio yangu yapo mahali pake, moja kila upande. Hukunitajia chakula.

Dada yako

*

Mjini, 2 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba sana. Nimefurahi kusikia habari za mahindi. Hapa mvua zimeanza, na wanafunzi wanaogopa madimbwi. Nakutumia viatu kwa mkono wa Nesi, vina soli ngumu, vitakufaa kwa kazi za nyumbani.

Sitaki tugombane kwa ajili ya baiskeli. Wewe ni mtu mzima. Mambo mengine hujipanga yenyewe. Jitunze, na usisahau kwamba mlango wangu uko wazi.

Kaka yako akupendaye

*

Nyumbani, 29 Aprili

Kaka,

Salamu utazisoma siku nyingine. Viatu nimevaa, vinabana.

Nilijua kuna kitu. Barua yako iliyopita ilikuwa na sukari nyingi mno, na wewe si mtu wa sukari. Sasa sikia nilivyojua.

Jumatatu nimefika lango la juu, kufuli. Mlinzi hayupo langoni, yuko ng'ambo ya pili ya mfereji amesimama na bwana maji wa Ofisi ya Maji, wanaongea. Upana wa mfereji pale unaujua, hata mwenye masikio ya popo asingeambulia kitu. Lakini umesahau nilifanya kazi wapi. Ndani ya chumba cha kufuma mitambo ikiwashwa husikii hata mawazo yako. Miaka yote ile tulisemezana kwa midomo. Tulisengenyana, tulichumbiana, tulipeana habari za misiba kutoka mwisho mmoja wa chumba mpaka mwisho mwingine, na hatukutoa sauti. Mimi naweza kusoma mdomo wa mtu anayetafuna.

Kwa hiyo nilisimama pale nikasoma. Mlinzi alisema, "Lakini huyu mama hajawahi kumsumbua mtu." Bwana maji akasema, "Kaka yake ndiye kaandika. Anasema ni kiziwi, asiruhusiwe kupita." Mlinzi akasema tena, "Nitamwambiaje?" Bwana maji akamwambia amwambie lango limeharibika.

Na kweli, mlinzi alipovuka akaniambia lango limeharibika. Alikuwa anaangalia viatu vyangu. Nilimwonea huruma yeye. Wewe sikukuonea.

Umenifungia lango, kaka. Hukuja kunifungia mbele ya macho yangu. Umekaa mezani kwako, na mwandiko wako mzuri, ukamwomba mtu usiyemjua anifungie. Halafu ukanitumia viatu.

Sasa nakwambia kabla hujaambiwa na mwingine: nitapita. Kila siku nitapita. Wakitaka waweke kufuli la pili.

Usiniandikie.

*

Mjini, 18 Mei

Mdogo wangu,

Najua umeniambia nisiandike. Mimi ni mkubwa, naandika.

Ndiyo, niliwaandikia. Ningeandika tena leo. Ulitaka nikae kimya kwa sababu unapenda korongo? Mimi kazi yangu ni kukaa karibu na mtu asiyejua hatari na kuweka mguu kwenye breki kabla yake. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kunishukuru siku ileile. Wengi wananishukuru baadaye.

Na wewe umejijibu mwenyewe. Nilikuuliza habari za masikio ukanipiga chenga. Sasa unaniambia unasoma midomo ng'ambo ya mfereji. Mtu anayesikia hana haja ya kusoma midomo. Huko nyuma yako kunaweza kuja ng'ombe, trekta la Ofisi ya Maji, mwendawazimu, chochote, na hutajua.

Nikukumbushe pia kwamba nyumba unayokaa ni ya baba, na mimi ndiye niliyeachiwa kuisimamia. Sipendi kulitumia neno hilo. Nikilazimika nitaipangisha, na utakuja huku utake usitake.

Kaka yako

*

Mjini, 30 Juni

Mdogo wangu,

Sijapata jibu. Nimemuuliza Nesi, anasema na yeye hujamjibu. Nilijaribu kupiga simu, ingawa najua ni ujinga.

Lile neno la nyumba uliweke pembeni. Liliandikwa na mtu aliyekuwa hajala.

Kama umenikasirikia, nikasirikie, lakini niandikie kwamba u mzima. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa maandishi. Kila siku nikirudi kazini naangalia chini ya mlango kabla sijavua kofia.

Kaka

*

Nyumbani, 9 Julai

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima. Mtoto wa muuza maziwa anakaa mwenyewe. Mahindi yamevunwa na alizeti zimeinamisha vichwa.

Napita. Lango lina urefu wa kifua changu. Naegemeza baiskeli, nalipanda, halafu mwanamke yeyote wa mashambani aliye karibu ananinyanyulia baiskeli ananipitishia juu. Siku za kwanza walicheka. Sasa wanagombania zamu. Mwalimu wa chekechea naye anapandishwa hivyohivyo, na yeye huwa anapiga kelele, nauona mdomo. Mlinzi kila akituona anakumbuka kitu cha kufanya kule nyuma ya kibanda chake. Bwana maji amekuja mara moja, akanisomea kanuni. Nilimwambia kanuni imekataza vyombo vya moto, na akinionyesha moto kwenye baiskeli yangu nitashuka. Aliangalia baiskeli muda mrefu, kisha akaondoka.

Lakini nimechoka kuingia kwangu kama mwizi. Kwa hiyo nina neno.

Wewe ni mwalimu wa udereva. Njoo unitahini. Njoo na ukali wako wote. Tutaendesha kutoka lango la juu mpaka kwenye malango ya maji na kurudi, mimi mbele na wewe nyuma, na uandike makosa yangu yote kama unavyowaandikia hao wang'oa klachi wako. Nikishindwa, nafunga nyumba mwenyewe, nakuja kwenye chumba chako cha nyuma na sitatia neno. Nikifaulu, unawaandikia Ofisi ya Maji wafungue lango, na habari ya mimi kuhama inakufa hapo.

Sharti moja tu. Huji na gari. Unapanda baiskeli, juu ya changarawe, kama mimi. Nitakuazimia ya mume wa muuza maziwa.

Mtahiniwa

*

Mjini, 25 Julai

Mdogo wangu,

Ahsante kwa kuwa mzima.

Nakuja katikati ya Agosti, shule ikifungwa. Nimekubali masharti yako, ingawa hakuna mtahini duniani anayepangiwa chombo na mtahiniwa. Baiskeli nilipanda mara ya mwisho kabla sijaoa, lakini mtu hasahau. Usitegemee nitakuonea haya kwa kuwa tumenyonya ziwa moja. Nikisema umeshindwa, umeshindwa. Anza kukunja nguo.

Kaka yako

*

Mjini, 28 Agosti

Kwa mtahiniwa,

Nimefika salama. Nimekaa kwa upande mmoja njia nzima, na bado nakaa kwa upande mmoja. Daktari anasema nyonga haijavunjika. Nesi amekuja kuniona, akacheka mpaka nikamfukuza chumbani.

Matokeo ya mtihani ni haya. Kuanza safari, vizuri. Kushika njia, vizuri sana, sikutegemea. Kwenye lile daraja bovu ulishuka ukasukuma, na hilo nimekupa alama ya ziada kwa sababu wengi hujifanya mashujaa. Kwenye kona yenye kokoto nene ulipunguza mwendo kabla ya kona, na hukupunguza ndani ya kona. Nimefundisha watu miaka hiyo yote na wachache sana wanaelewa jambo hilo.

Kwenye kona hiyohiyo mimi nilipunguza ndani ya kona.

Lililotokea tunalijua wote. Gurudumu la mbele liliteleza, nikaenda nalo mpaka kwenye matete, nusu ya mwili nchi kavu na nusu majini, baiskeli juu yangu. Nikakuita. Nilikuita kwa sauti ya kuwaamsha waliokufa. Wanawake waliokuwa wanapalilia ng'ambo waliinua vichwa. Wewe mgongo wako ulikuwa unaondoka, shingo imenyooka, na hata hukutikisika. Niliita mpaka sauti ikakatika. Ukazidi kuwa mdogo kule mbele.

Kwa hiyo umeshindwa. Sina raha kuliandika, lakini mtihani ni mtihani. Mtu anayeitwa na ndugu yake anayezama na hasikii, hafai kuwa njiani peke yake. Chumba kipo tayari. Nitakuja kukuchukua Oktoba.

Kaka yako

*

Nyumbani, 14 Septemba

Kaka,

Shikamoo, na pole ya nyonga. Chemsha maji, tia chumvi, kanda asubuhi na jioni. Mume wa muuza maziwa anakusalimu, na anauliza kama usukani ulikuwa hivyo ulivyo kabla hujaipanda.

Nimesoma matokeo. Sasa na mimi nikutahini wewe.

Ulikuwa hauzami. Maji yalikufika kwenye mkanda. Hilo tulisahihishe kwanza, maana naona kila ukilisimulia mfereji unaongezeka kina.

La pili. Sikusikia. Ni kweli. Sisikii, kaka. Nimeliandika sasa, uliangalie vizuri. Sisikii kidogo, sisikii nusu, sisikii wala siku za baridi kali wala za joto. Sisikii kabisa. Sikio la kushoto lilikufa kiwandani bado nipo kazini, na la kulia lilifuata wakati wa mvua za mwaka juzi. Siku moja kwenye lami upepo wa lori ulinisukuma mtaroni, na hapo ndipo nilipojua kwamba kulikuwa na lori. Dereva alishuka akanifokea. Alikuwa ananipigia honi tangu kwenye kilima. Nilirudi nyumbani nikisukuma baiskeli, nikalia, nikakaa ndani wiki kadhaa kama mgonjwa. Nilidhani ndiyo basi, nimekwisha, nitakaa dirishani kungoja watu wanionee huruma. Halafu nikakumbuka ile njia ya mfereji. Ndiyo njia pekee iliyobaki duniani ambayo naweza kwenda nikiwa mimi, bila kumwomba mtu anishike mkono. Na hiyo ndiyo uliyoifunga.

Sikukwambia kwa sababu nilijua utafanya nini. Na ukakifanya hichohicho hata kabla sijakwambia.

La tatu. Umeandika kila kitu kwenye matokeo yako, daraja, kona, matete. Umeruka mahali pamoja. Ulitokaje mle?

Nitakukumbusha mimi. Niligeuka. Mtu asiyesikia hugeuka, kaka, ndiyo kazi yake ya kila saa. Nageuka kwenye kila daraja, kwenye kila kona, kwenye kila mti mkubwa, hata nikiwa peke yangu na sina wa kumtazama. Nikageuka, hukuwepo. Sijawahi kuirudia changarawe ile kwa kasi niliyorudi nayo. Nikaitupa baiskeli, nikaingia majini na vile viatu vyako, nikakunyanyua kama gunia huku unanifokea, na midomo yako niliiona vizuri sana, nikaamua kutosoma. Wale wanawake wa ng'ambo wenye masikio mazima walikusikia tangu mwanzo. Walifikiri unaimba.

Halafu uliketi kwenye ukingo umelowa, ukanishika mkono wa shati, na hukuniachia mpaka tulipofika nyumbani. Tulikuwa tunasukuma baiskeli, kila mtu yake, na bado umenishika. Hilo nalo hukuliandika.

Sasa nitasema lako, kwa kuwa nimesema langu. Tangu wifi afariki hujamtaja. Hata barua moja. Nikikuuliza unakula nini unanijibu vizuri, vizuri. Nesi kaniambia, nilimbana mpaka akasema: unakula mkate umesimama jikoni, na umeondoa viti viwili mezani ukavipeleka kile chumba cha nyuma kabla hujakipiga rangi. Wewe huna wasiwasi na masikio yangu. Wewe unataka mtu wa kukaa naye mezani, na huwezi kulitamka, kwa hiyo unalitamka kwa kufuli.

Ungeniambia, ningekuja. Ningekuja nikukalie mwezi mzima, nipike, nikusute, nirudi kwangu. Lakini kuja kufungwa siji. Ukija Oktoba njoo na polisi, maana mlango nitaukomea na kiti nitaweka nyuma yake. Sihami. Napita langoni kila siku, na mvua zikianza nitapita na mwavuli.

Nakupenda, na sikubali.

Dada yako kiziwi

*

Mjini, 10 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Nyonga imepona, namshukuru Mungu na chumvi yako. Jana nilikula wali na samaki. Nilikaa.

Sikuombi radhi. Nataka ulijue hilo mwanzoni, usisome barua yote ukilingojea. Ndugu akiwa njiani, mimi breki nitakanyaga mpaka siku naingia kaburini, ndivyo nilivyo.

Nimewaandikia Ofisi ya Maji. Nimewaambia kwamba mimi, mwalimu wa udereva mwenye leseni na mhuri, nimekupima mwenyewe juu ya changarawe, mwendo mzima, na umefaulu kwa alama za juu, na kwamba kufuli hilo walitoe. Ni uongo, ulishindwa, na kwenye karatasi zangu utabaki umeshindwa. Bwana maji amenijibu kwamba kufuli limetolewa tangu wiki iliyopita. Ameniomba nimfundishe mkewe kuendesha gari.

Umeniuliza nilitokaje mle majini. Nimekuwa nikilijibu hilo kichwani kila siku.

Mke wangu alikuwa akinisubiri mlangoni. Nikichelewa, akifungua nilikuwa namkuta amesimama na uso wa kugomba, na mimi miaka yote nilikuwa namwambia, nani kakutuma kusimama hapo. Sasa nafungua mwenyewe. Nilipolala kwenye matete nikakuita, na mgongo wako unaondoka, sikuogopa kwamba husikii. Hilo nilikwisha kulijua tangu sufuria ya Nesi. Nililoogopa lilikuja baadaye, nimekaa ukingoni nimekushika. Nilijiuliza, kule mjini, nikianguka bafuni au kwenye ngazi, nina sauti nzima na nina majirani ukuta kwa ukuta, wote wanasikia. Nani atageuka aangalie kama nipo? Niliwahesabu kuanzia juu ya mtaa mpaka chini. Sikupata mtu. Nikakurudia wewe, mwenye masikio yaliyokufa, kule mwisho wa mfereji.

Kwa hiyo kaa hukohuko. Usihame, wala usirudie kunitishia na polisi.

Nafunga shule mwezi wa kumi na mbili, na nimenunua baiskeli yangu mwenyewe, ya matairi mapana. Muuzaji alitaka kunifundisha namna ya kupinda kona, nikamsikiliza mpaka mwisho. Nakuja kwa mwezi mzima. Safari hii nitaendesha mimi mbele na wewe nyuma, ili kila ukiinua macho unione.

Kaka yako